Jinsi ya Kuchagua Bomba la Mgongoni la Petroli kwa Ajili ya Ukoka

Mtu anayetunza uwanja wa shule, bustani ya hoteli au ukoka wa nyumba nyingi za kupanga hufika siku ambayo mkono wake unachoka kupampu, na hapo ndipo wazo la kununua bomba la kupulizia lenye injini ya petroli linapomjia. Wazo hilo si baya. Tatizo ni kwamba madukani mabomba hayo husifiwa kwa nguvu zake: hili lina presha kubwa kuliko lile, lile linarusha dawa hadi kileleni mwa mwembe, ilhali ukoka ni mmea ulio chini ya kifundo cha mguu na hauhitaji kurushiwa kitu chochote. Kwa kazi ya ukoka, bomba zuri ni lile linalokubali kushushwa presha na kubaki hapo bila kuyumba, na ambalo mtu anaweza kulibeba asubuhi nzima bila kuumia mgongo. Maelezo haya yanahusu namna ya kulitambua bomba la aina hiyo kabla ya kutoa fedha.

Anza na eneo, si na mashine

Kabla ya kwenda dukani, pima ukoka wako kwa hatua au kwa futi kamba, kisha uhesabu kiasi cha dawa utakachobeba. Kiuagugu cha ukoka mara nyingi hupulizwa kwa lita 200 hivi za mchanganyiko kwa hekta, yaani lita 2 kwa kila mita za mraba 100, ingawa lebo ya dawa yenyewe ndiyo yenye kauli ya mwisho. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, kipimo kinachofahamika sana katika miji ya Kenya, kina mita za mraba 465. Hata kama nyumba isingekuwapo na kiwanja chote kikawa ukoka mtupu, kingemalizwa kwa mchanganyiko usiofika lita 10. Mwenye eneo kama hilo hana sababu ya kununua injini. Bomba la mkono la lita 16 au la betri litamtosha, na majirani hawatamwonea kinyongo kwa kelele.

Hali hubadilika eneo linapokua. Ekari moja, ambayo ni mita za mraba 4,047, inahitaji lita 81, yaani matangi matano ya lita 16 na kidogo juu yake. Uwanja wa mpira wenye mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140, na kwa kiwango hichohicho unahitaji lita 143, ambazo ni takriban matangi tisa. Kuanzia hapo injini inaanza kulipa gharama yake, hasa kama kazi hiyo inarudiwa kila baada ya wiki chache.

Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: injini haimfanyi mtu atembee haraka zaidi. Ukitumia fimbo yenye nozeli moja, yaani kichwa kidogo cha kutolea dawa, inayofunika upana wa mita 1, na ukitembea mita 1 kwa sekunde, utafunika mita za mraba 60 kwa dakika, bomba liwe la mkono au la petroli. Uwanja ule wa mpira utakuchukua dakika 119 za kutembea tu, kabla hujahesabu muda wa kujaza tangi. Faida ya injini hupatikana pale inapolisha nozeli kadhaa kwa wakati mmoja. Ufito wa mlalo wenye nozeli 4 zilizoachana kwa sentimita 50 hufunika upana wa mita 2 na kuushusha muda huo hadi saa 1, ila kama kila nozeli inatoa lita 0.8 kwa dakika, ufito mzima unakunywa lita 3.2 kwa dakika, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuulisha mtiririko huo kwa presha ileile kwa saa nzima. Kwa hiyo unapoingia dukani, swali la kwanza la kumuuliza muuzaji ni kama bomba lake linaweza kufungwa ufito wa nozeli nyingi. Kama haliwezi, utakuwa umenunua ngurumo na moshi ili ufanye kazi ileile kwa mwendo uleule.

Blowa si bomba la ukoka

Mashine za petroli za kubeba mgongoni ziko za aina mbili, na kuzichanganya ni kosa la gharama kubwa. Aina ya kwanza ni bomba la upepo, ambalo wengi huliita blowa. Ndani yake mna feni kubwa inayozungushwa na injini ya sentimita za ujazo 50 hadi 70. Stihl SR 450, kwa mfano, ina injini ya 63.3 na tangi la dawa la lita 14. Hewa inayotoka kwa kasi huivunja dawa kuwa matone madogo sana na kuyapeleka mbali. Hiyo ndiyo mashine ya mikorosho ya Mtwara na Lindi, ambako wakulima hupuliza salfa ya unga au dawa ya maji dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, hadi kwenye machipukizi ya juu, na kwa kazi hiyo ni vigumu kupata mbadala wake. Aina ya pili ni bomba la pampu, ambamo injini ndogo ya sentimita za ujazo 25 hivi huendesha pampu inayosukuma dawa kupitia mpira, fimbo na nozeli, kama bomba la mkono lifanyavyo. Kwa ukoka, chagua aina hii ya pili.

Sababu iko katika ukubwa wa tone. Tone lenye kipenyo cha mikromita 100 huchukua sekunde 10 hivi kuanguka mita 3 katika hewa tulivu, wakati tone la mikromita 400 huchukua sekunde 2 tu. Sekunde hizo 8 za ziada ndizo ambazo upepo huzitumia kulichukua tone na kulipeleka lisikotakiwa. Viuagugu vingi vinavyotumiwa kwenye ukoka, kikiwamo kile cha 2,4-D, huua mimea ya majani mapana na kuziacha nyasi, na mimea ya majani mapana ni pamoja na nyanya, mipapai, mawaridi na mizabibu. Niliwahi kuazima blowa ili kusafisha uwanja wa shule moja, nikaona fahari kwa jinsi nilivyomaliza mapema. Magugu yalikufa nusu, ukoka ukapona, na siku chache baadaye majani ya mipapai ya nyumba ya jirani yakaanza kujikunja. Mipapai ile niliilipa, na tangu hapo blowa sijaligusa kwa kazi ya nyasi.

Presha ndogo isiyoyumba

Hapa ndipo penye uzito wa uamuzi wote. Mabomba mengi ya petroli yanayouzwa kwa bei nafuu hubandikwa karatasi inayojivunia presha ya megapaskali 1.5 hadi 2.5. Megapaskali 1 ni sawa na bari 10, kwa hiyo karatasi hiyo inazungumzia bari 15 hadi 25, na kwa anayesoma geji ya psi, bari 1 ni psi 14.5. Presha hiyo inafaa kupeleka dawa ndani ya kichaka cha kahawa au juu ya mchungwa. Nozeli ya kupulizia kiuagugu kwenye ukoka hufanya kazi yake vizuri kati ya bari 1 na 3, na ukiisukuma kwa bari 15 hutoa ukungu badala ya matone, ukakurudisha kwenye mashaka ya blowa kwa njia nyingine.

Kwa sababu hiyo, usiulize presha ya juu kabisa ya bomba, uliza ya chini kabisa ambayo linaweza kuishikilia. Bomba linalofaa lina kirekebisha presha unachoweza kukizungusha kwa vidole, mpira wa kurudisha dawa iliyozidi ndani ya tangi, na geji inayosomeka. Mpira huo wa kurudisha una faida ya pili, kwani dawa inayorudi huukoroga mchanganyiko na kuzuia dawa za unga zisitulie chini. Baadhi ya mabomba hayana kirekebisha chochote isipokuwa mkono wa mafuta, yaani ukitaka presha ndogo unapunguza mwendo wa injini. Mabomba hayo yaache dukani, kwa kuwa injini inayolazimishwa kwenda polepole hukohoa na presha huyumba nayo.

Kama bomba unalolipenda halina kirekebisha cha kuaminika, kuna kifaa kidogo cha kufunga kati ya fimbo na nozeli kinachoitwa vali ya kusawazisha presha. Hicho hupitisha dawa kwa presha moja tu iliyowekwa kiwandani, kwa mfano bari 1.5 au 2, na hujifunga presha inaposhuka chini ya hapo, hivyo nozeli haidondoshi dawa baada ya kuachia. Bei yake si kubwa ukilinganisha na bei ya bomba. Angalia tu presha ya juu inayoruhusiwa kuingia ndani yake, kwa kuwa vali hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mabomba ya mkono na huharibika zikipigwa na presha kamili ya pampu ya petroli.

Nozeli nazo zina lugha yake, na ni vyema kuijua kabla ya kuuziwa nozeli yoyote iliyo karibu na mkono wa muuzaji. Nozeli bapa, ambazo hutoa dawa kwa umbo la upepeo uliofunguliwa, ndizo zinazofaa kwa ukoka. Zile za koni, ambazo huzungusha dawa, waachie wanaopulizia majani ya mboga na miti. Watengenezaji wanaofuata mpangilio wa kimataifa wa ISO 10625 huzipaka nozeli bapa rangi kulingana na kiasi zinachotoa kwa bari 3: ya njano hutoa lita 0.8 kwa dakika, ya buluu lita 1.2, na nyekundu lita 1.6. Ukitembea mita 1 kwa sekunde na kufunika upana wa mita 1, nozeli ya buluu itakupa lita 200 kwa hekta, na hesabu hiyo unaweza kuifanya kichwani ukiwa umesimama kaunta. Usijaribu kuongeza kiasi kwa kuongeza presha, kwa sababu kupata mtiririko mara mbili unahitaji presha mara nne. Njia sahihi ni kubadilisha nozeli. Hakikisha basi kwamba uzi, yaani michirizi ya kufungia, wa fimbo ya bomba lako unapokea nozeli za kawaida zinazopatikana mjini kwako, maana yapo mabomba yenye uzi wa peke yake ambao hakuna fundi mwenye kifaa cha kuuungia.

Kuhusu pampu yenyewe sina mengi ya kusema. Pampu ya pistoni yenye mwili wa shaba hudumu na hutengenezeka, ile ya plastiki ni nyepesi lakini ikipasuka hutupwa. Mwenye nia ya kupulizia pia mbolea ya urea iliyoyeyushwa ajue kwamba mabaki ya mbolea hiyo huila shaba polepole, kwa hiyo kusuuza baada ya kazi si jambo la hiari. Uliza kama oringi, yaani pete za kuzuia uvujaji, ni za mpira wa kawaida au za mpira sugu uitwao Viton. Hizi za pili huvumilia zaidi dawa zenye viyeyusho vikali. Na pampu yoyote ya pistoni hulainishwa na maji yanayopita ndani yake, kwa hiyo ikizungushwa kavu kwa muda hata mfupi, mihuri yake huungua.

Injini: mipigo miwili au minne

Injini ya mipigo miwili ni ile inayotumia petroli iliyochanganywa na oili. Ni nyepesi, ni rahisi, kila fundi wa misumeno ya mnyororo anaifahamu, na bei yake ya kununulia ni ndogo. Kasoro zake ni kelele, moshi unaotoka karibu na sikio lako, na upotevu, kwa kuwa sehemu ya mafuta hutoka kwenye ekzosi kabla ya kuungua. Zaidi ya hayo, uhai wake wote uko mikononi mwa anayechanganya mafuta. Injini nyingi za bei nafuu hutaka uwiano wa 25 kwa 1, yaani mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, na nyingine hutaka 50 kwa 1, yaani mililita 20, kwa oili maalumu ya mipigo miwili. Tazama kitabu cha mashine na si kumbukumbu ya muuzaji. Kama bomba litatumiwa na vibarua watatu tofauti na hakuna msimamizi wa kuchanganya mafuta, basi ipo siku mmoja wao atatia petroli tupu, na siku hiyohiyo pistoni itakwama.

Injini ya mipigo minne hutumia petroli isiyochanganywa kitu, oili ikiwa na mahali pake. Ni tulivu zaidi, hunuka kidogo na hutumia mafuta machache. Honda GX25, ambayo hufungwa kwenye mabomba kadhaa, hutumia takriban nusu lita kwa saa inapofanya kazi kwa nguvu zote. Oili yake ni mililita 80 tu. Kiasi hicho ni kidogo kuliko kikombe cha chai, na maana yake ni kwamba hakuna akiba ya kusamehe uzembe: oili ikaguliwe kila asubuhi. Uliza pia kama injini ya mipigo minne unayoonyeshwa imeundwa kufanya kazi ikiwa imeinama, kama GX25 ilivyo, kwa sababu mbebaji huinama mara kwa mara, na injini ya kawaida ya mipigo minne huhitaji kusimama wima ili oili ifike panapostahili. Tahadhari nyingine ni kuhusu bidhaa bandia, ambazo jina lake hufanana na la kampuni kubwa isipokuwa herufi moja. Soma namba iliyopigwa kwenye mwili wa injini na uilinganishe na ile ya kwenye boksi na ya kwenye karatasi ya dhamana.

Kwa maoni yangu, anayetunza ukoka wa hoteli, hospitali au makazi ya watu anunue ya mipigo minne hata kama itambidi asubiri mwezi mwingine kukusanya fedha, kwa kuwa kelele na moshi vina majirani. Anayetunza uwanja wa wazi ulio mbali na nyumba, na mwenye fundi wa mipigo miwili karibu, hana haja ya kulipa zaidi.

Walio nyanda za juu wana hesabu ya ziada. Injini ya petroli isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo mashine inayovuta vizuri Dar es Salaam au Mombasa itakuwa imepoteza karibu asilimia 17 itakapofika Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi. Kwa presha ndogo ya ukoka, upungufu huo haukuzuii kufanya kazi. Kinachosumbua ni kabureta iliyopangwa kwa hewa nzito ya pwani, ambayo huko juu huipa injini mafuta mengi kupita hewa, plagi ikawa nyeusi na injini ikawa ngumu kuwaka. Mwambie muuzaji utakakoitumia, na umtake airekebishe na kuiwasha mbele yako.

Mzigo utakaokuwa mgongoni

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na ukweli huo mdogo husahaulika mtu anapoona tangi la lita 25. Ongeza bomba lenyewe, ambalo kwa mashine nyingi za aina hii ni kati ya kilo 8 na 11, na utakuwa na kilo 35 mgongoni, zikitikiswa na injini, juu ya nyasi yenye umande. Kijana mwenye nguvu atazibeba safari mbili kwa majigambo, ya tatu atapunguza hatua, na hatua ikipungua kipimo cha dawa kwa eneo huongezeka bila yeye kujua. Mimi huweka kikomo cha kilo 25 kwa jumla, kwa hiyo hupendelea tangi la lita 15 au 16, au kununua la 25 na kulijaza hadi alama ya 15. Tangi kubwa lina faida moja, nayo ni kwamba dawa haimwagiki mabegani likiwa halijajaa hadi mdomoni.

Livae bomba dukani likiwa na maji ndani. Mikanda ya mabegani iwe mipana na yenye sponji, uwepo mkanda wa kiunoni wa kuhamishia uzito kwenye nyonga, na pawepo mto kati ya fremu na mgongo pamoja na mipira ya kupunguza mtikisiko chini ya injini. Jaribu kuvua upesi. Unabeba petroli, ekzosi ya moto na dawa kwa pamoja, na buko la mkanda linalohitaji mikono miwili na subira halifai kabisa. Tazama pia ekzosi inaelekea wapi, kama ina kizuizi, na kama kiwiko chako kinaifikia unapogeuka.

Majaribio ya kufanya kaunta

Iwe umeenda Kariakoo ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi au duka la pembejeo la mjini kwako, omba bomba liwekwe maji matupu na liwashwe, na anayekataa umshukuru uende duka la pili. Injini baridi inapaswa kuwaka baada ya kuvuta kamba mara chache choki ikiwa imefungwa, na baada ya kupata moto ibaki ikinguruma polepole bila kuzimika. Zungusha kirekebisha hadi bari 2, fungua dawa, funga, fungua tena, ukitazama geji. Mshale unaoruka kutoka 2 hadi 8 kila unapofunga ni dalili ya vali mbovu. Kisha chukua ndoo na jagi la kupimia, pulizia ndani ya ndoo kwa dakika moja kamili, pima, rudia mara mbili. Vipimo vitatu visipokaribiana, tatizo liko kwenye pampu, na halitaisha ukifika nyumbani. Bomba likiwa linafanya kazi, pitisha mkono uliovaa glavu kwenye viungo vyote vya mpira na chini ya tangi.

Mdomo wa tangi uwe mpana wa kutosha kumimina bila kumwaga, uwe na chujio lenye kina, na ubavuni kuwe na alama za lita zinazosomeka kwa nje. Kifuniko kiwe na tundu la hewa lisilovujisha mtu anapoinama. Chini kuwe na kizibo cha kutolea mabaki, maana bomba lisilomwagika lote haliwezi kuoshwa lote.

Suala la spea ndilo ambalo wanunuzi wengi huliacha kwa mwisho na kisha kulilipia. Usiridhike na neno la kwamba spea zipo. Omba kuona, juu ya kaunta, seti ya mihuri ya pampu, plagi, kamba ya kuwashia, chujio la hewa na kabureta ya mfano huohuo. Nunua seti ya mihuri na plagi moja siku hiyohiyo. Bomba lisilo na jina kubwa lakini ambalo spea zake zimejaa mtaani linaweza kukufaa kuliko lenye jina ambalo muhuri wake huagizwa ng'ambo kwa wiki sita.

Kwenye bajeti uweke pia vizibo vya masikio, miwani, glavu za nitrili, buti za mpira, na barakoa yenye kichujio kinachotajwa na lebo ya dawa. Na dawa yenyewe iwe ile iliyosajiliwa nchini: kwa Tanzania msajili ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na kwa Kenya ni bodi ya PCPB. Soma lebo kuona kama inataja nyasi za aina yako, kwani ukoka wa pwani na nyasi za Kikuyu hazivumilii dawa kwa kiwango kimoja, na kama inataja gugu lako, kwa sababu dawa ya majani mapana haitaigusa ndago.

Siku ya kwanza uwanjani

Anza na maji matupu. Jaza lita 5 kamili, vaa bomba, weka bari 2, tembea kwa mwendo utakaouweza saa nzima, na upulizie hadi maji yaishe. Pima eneo ulilolowesha. Ikiwa lita 5 zimefunika mita za mraba 250, unatumia lita 2 kwa mita za mraba 100, sawa na lita 200 kwa hekta, na sasa unajua kila tangi la lita 15 litafika mita za mraba 750. Kiasi cha dawa cha kutia ndani ya tangi kinatokana na namba hiyo, si na kifuniko cha chupa. Nozeli ikiwa sentimita 50 hivi juu ya nyasi, pitisha mistari iliyonyooka na uweke vijiti pembeni kama alama, ili usirudie mstari na kuunguza ukoka, wala usiruke na kuacha michirizi ya magugu.

Pwani, fanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaanza kuvuma. Jaza petroli injini ikiwa imepoa na bomba likiwa chini, kamwe si likiwa mgongoni mwa mtu. Bomba lililotumika kwa kiuagugu liandikwe kwa rangi isiyofutika na lisitumiwe tena kwa dawa ya wadudu wala mbolea ya maji ya maua, kwa kuwa 2,4-D hujificha ndani ya mipira hata baada ya kuoshwa.

Ukimaliza, suuza tangi mara tatu kwa maji kidogo kidogo, kila mara ukiyapitisha kwenye pampu, fimbo na nozeli, na maji hayo uyapulizie kwenye ukoka uleule uliotibiwa, kamwe si kwenye mfereji. Nozeli iliyoziba isafishwe kwa mswaki laini, kwa sababu sindano hupanua tundu na waya huliharibu umbo la upepeo. Kama bomba halitatumika kwa zaidi ya mwezi, mwaga petroli yote, washa injini hadi izimike yenyewe ili kabureta ibaki kavu, legeza kirekebisha presha ili springi isibaki imebanwa, na uliweke juu ya ubao, si juu ya sakafu ya saruji, mbali na mahali panapohifadhiwa chakula na ambapo watoto hawafiki.